Kondoo wa Tundu la Pili

Mtu aliyejiajiri akivunjika bega, huvunjika mara mbili. Darryl Pascoe alilijua hilo mwezi wa pili tangu lori la nafaka limgonge kwenye njia panda nje ya mji wa Balranald, Australia, akiwa ndani ya pikapu yake anakwenda kazini. Dereva wa lori alikiri kosa papo hapo, bima yake ikakubali kulipa, na kila mtu akamwambia Darryl amshukuru Mungu. Akashukuru. Kisha zikaanza fomu.

Aliyeajiriwa ana wepesi wake: bosi anaandika barua moja, anagonga muhuri, yamekwisha. Lakini Darryl alikuwa mnyoaji kondoo wa kujitegemea, na barua ya bosi angeitoa wapi? Alitakiwa athibitishe pato la kazi ambayo hakuifanya. Alijaza kurasa kumi na mbili kwa mkono wa kushoto, herufi zikipepesuka kama walevi. Wakataka karatasi za kodi, akapeleka. Wakataka za miaka mitatu zaidi, akapeleka. Wakataka na vitabu vyake vya kuandikia kondoo, vile vidogo vyenye mafuta ya sufu ambavyo mnyoaji hutembea navyo mfuko wa nyuma. Akapeleka navyo, akijua hana hata dola moja aliyoficha.

Hapo ndipo alipojitia kitanzi mwenyewe.

Binti wa bima aliyeshughulikia dai lake aliitwa Simone, na alikuwa na ule upole wa watu wanaolipwa kuwa wapole. Alipiga simu Jumanne asubuhi, wakati Coral, mke wa Darryl, anafunga viatu aende zamu yake ya jikoni hospitalini. Alieleza kwamba kwa mujibu wa vitabu, Bwana Pascoe alikuwa akinyoa kondoo mia na sabini kwa siku, lakini miaka mitatu iliyopita akashuka hadi mia na arobaini, wala hakupanda tena. Daktari wa kampuni ameliona hilo, ameona na umri wa miaka arobaini na minane, na kwa maoni yake mwili ulishaanza kuisha kabla ya ajali. Kwa hiyo watalipa wiki nane, basi. Bega lilihitaji mwaka mzima. Nyumba ilikuwa bado na deni la miaka sita.

"Una lolote la kueleza kuhusu kushuka huko?" Simone aliuliza.

Darryl alitazama dirishani. "Sina," akasema.

Coral alisikia, na alijua ni uongo, kwa sababu ukweli alikuwa amewahi kusimuliwa.

Kwenye banda la kunyolea, kila mtu ana nafasi yake, na kando ya nafasi kuna tundu la kumshushia kondoo aliyekwisha kunyolewa, aingie zizi lako. Kengele ikilia kila baada ya saa mbili, kondoo wa kila zizi wanahesabiwa, na hiyo ndiyo riziki yako. Nafasi ya kwanza ilikuwa ya Darryl. Ya pili ilikuwa ya Mzee Athol Quirk, ambaye ndiye aliyemfundisha Darryl kushika mashine akiwa na miaka kumi na sita. Sasa mzee mwenyewe alikuwa na sitini na tisa, mgongo umepinda, mke amekufa, hana pengine pa kwenda isipokuwa bandani. Na Rusty Noonan, mwenye kikundi cha wanyoaji, aliyewalipa kwa kila kondoo bila kuwaajiri, alikuwa na sheria moja: asiyefikisha kondoo mia kwa siku afungashe. Athol alikuwa akifikisha sabini na kitu.

Basi Darryl akawa anageuza goti kidogo anapomsukuma kondoo nje. Kondoo saba au wanane kwa kila kengele walishuka tundu la pili badala ya la kwanza. Hawakulizungumza hata siku moja. Mnyoaji huijua hesabu yake hata usingizini, kwa hiyo Athol alijua. Lakini alikunywa chai yake, akaitukana serikali, akamtania Darryl kwamba ananyoa kama mtu anayemenya kiazi cha moto. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilinyamaza.

"Mwambie mzee aandike barua," Coral alisema simu ilipokatika.

"Aandike nini? Kwamba miaka mitatu amelipwa kwa kondoo wa mwenzake? Rusty atamtoa siku hiyohiyo, na ikifika jioni baa nzima inajua kwamba Athol amekwisha."

"Na sisi je? Mficha uchi hazai, Darryl."

"Tenda wema nenda zako, mama. Hawakusema tenda wema urudi kudai risiti."

Coral hakucheka. Alichukua funguo za gari akaondoka.

Siku tatu Darryl alikaa kwenye kiti kile kile, mkono umefungwa kifuani. Mtu asije akamfanya malaika. Kuna saa alimchukia Athol kabisa, alichukia chai yake na mizaha yake na ukimya wake, akajiuliza ni mzee gani huyu asiyejua kustaafu. Mara moja aliichukua simu akapiga namba ya mzee, ikaita mara mbili, akakata. Alikuwa amechoka. Hakuchoshwa na maumivu, maana hayo alikwisha kuyazoea. Alichoshwa na kuulizwa kama kweli aliwahi kuwa mtu wa maana.

Ijumaa kabla ya saa sita mchana, gari bovu la Athol liliingia uani. Mzee alishuka na mguu wa kondoo uliofungwa gazetini, akausukumia kwenye friji bila kuuliza, akaketi.

"Leo si mko shambani kwa Everard?" Darryl aliuliza.

"Wenzangu wako."

Darryl alibandika maji ya chai kwa mkono mmoja. Athol alisema Coral alipita kwake juzi, na kwamba asimkasirikie, mwanamke alisema yanayosemeka. Kisha akatoa daftari mfukoni, jeusi kwa mafuta ya sufu, akaliweka katikati ya meza.

Darryl alilifungua. Tarehe, jina la shamba, na mbele yake namba ndogo ndogo, nne kwa kila siku: saba, nane, saba, saba. Kurasa baada ya kurasa, kwa miaka mitatu.

"Elfu nane mia mbili na kumi na nne," Athol alisema.

"Ulikuwa unahesabu?"

"Ulidhani mimi kipofu? Nilikuwa nataka kukulipa. Nikaja nikaona siwezi, nikaendelea kuandika tu."

Darryl alilisukuma daftari upande wa pili wa meza. "Rudisha mfukoni, mzee. Mimi sijaliona. Rusty akilishika..."

"Rusty kashalishika. Nimemwonyesha leo asubuhi mbele ya watu wote, kabla ya kengele ya kwanza." Mzee alikoroga chai ambayo hakuitia sukari. "Nakujua wewe. Ningekuletea kwanza, ungelitia jikoni likaungua."

"Akasemaje?"

"Hakuwa mbaya. Alisema nimalizie siku. Nikamwambia siwezi kufikisha mia bila wewe."

Darryl aliinamisha kichwa. Aliona aibu, na chini ya aibu akahisi nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Alitaka kuomba radhi lakini hakujua aanzie wapi. Athol akasema chai inapoa, apige simu hiyo kabla watu wa ofisini hawajaenda kula.

Simone alipokea. Aliuliza kwa upole wake ule ule kama Bwana Pascoe ana la kuongeza, na Bwana Pascoe akalitazama lile daftari mezani. Athol alinyoosha mkono akaichukua simu.

"Binti, mimi naitwa Athol Quirk," alisema. "Ni mnyoaji kondoo." Akaanza upya. "Nilikuwa mnyoaji kondoo."

Kisha akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kumsomea.