Aspirini za Shababi

Mwaka ule wa sitini na mbili nyumba yangu hapa Karatu haikukosa watu hata siku moja. Chai ilikuwepo, umbea ulikuwepo, na aspirini pia. Akija mtu analalamika kichwa, namfungulia kijikaratasi, namtia kidonge mkononi, anaondoka akiniita daktari. Darasa la pili sikulimaliza, lakini jina nililipokea.

Jirani yangu Mwanamwema, mjane mwenye duka la nafaka, alikwenda Singida mazikoni, akaniachia paka wake, Shababi.

"Nitunzie, shoga. Tangu mume wangu afariki, huyu ndiye anayenisubiri mlangoni."

Siku ya pili mgeni wangu mmoja akamkanyaga mguu, paka akawa anachechemea. Nikasaga kidonge, nikakoroga kwenye maziwa. Akanywa, akalala. Wageni wakanisifu, na hapo ndipo nilipoharibu. Kila walipoingia wengine niliwasimulia, na hadithi yenyewe niliiona hainogi bila vitendo. Basi namwamsha mgonjwa, nasaga kingine, wajionee wenyewe. Jioni walipokuja vibarua wa shamba la kahawa, nikawaonyesha na wao. Kesho yake vilevile.

Siku ya nne Shababi alikataa maziwa. Akatapika damu, akawa anahema kama aliyefukuzwa na mbwa. Nikambeba mbio kwa bwana mifugo, Sebastiani, niliyemkuta akipakia dawa za chanjo kwenda kwa ng'ombe wa Ngorongoro.

"Umempa nini, mama?"

"Aspirini. Kidogo tu."

"Kidogo ngapi?"

Nikahesabu vidole. Vya mkono mmoja havikutosha.

"Ah, mama! Hata kimoja ni hatari. Mwilini mwa paka dawa hii haitoki upesi, ya leo inaikuta ya jana. Ungemwacha tu, mguu ungepona wenyewe."

Alijaribu alichoweza. Adhuhuri Shababi akafia kwenye kanga yangu.

Jumamosi nililiwahi basi la kutoka Singida, maana watu wangu nawajua. Kupeleka habari nimewafundisha mwenyewe. Mwanamwema akashuka na kikapu chake.

"Shababi hajambo?"

"Nimemuua, shoga. Kwa aspirini. Nilidhani namtibu."

Akaketi kwenye baraza la duka la karibu, kikapu mapajani.

"Na nyumba yako ilivyojaa watu," akasema, "hakuna hata mmoja aliyekwambia paka si mtu?"

"Labda walisema, shoga. Nilikuwa naongea mimi."