Ukuta Uliodai Mji

Jana baada ya adhuhuri nilijilaza kidogo kitandani, nikaota ile kompyuta mpakato aliyoniletea binti yangu Stumai inaniita pale juu ya mto wa kulalia.

"Wewe Mwantumu, saa kumi Stumai anapiga simu ya video kutoka Mwanza, akuonyeshe mtoto aliyemzaa. Juzi uliona sikio moja tu, picha ikaganda. Unataka tena sikio?"

Nikasema nataka mtoto mzima.

"Basi kisanduku cha intaneti kiweke juu, katikati ya nyumba."

Nikasokota kata ya khanga, nikajitwika kisanduku, nikasimama katikati ya sebule. Kisanduku kikaniambia, "Bibi, shingo usitikise, sijazoea."

Hapo navikuta vijiti vinne vya mtandao vimekaa chini, vimeegemea ukuta wa chumbani.

"Tumechoka," vinasema. "Ukuta huu haupitiki."

Kweli. Aliujenga marehemu mume wangu, Shehoza, tofali mbili mbili. Nikaubishia hodi.

"Kitendawili," ukasema, kwa sauti yake marehemu, ile ya mkwaruzo.

"Tega."

"Huku mama, kule mtoto, mimi katikati sina ugomvi na mtu."

Nikafikiri sana. "Kitovu?"

"Siyo."

"Mpaka wa shamba?"

"Siyo. Nipe mji."

Nikaupa Singida.

"Singida uliisoma darasa la nne, hujalala hata siku moja. Nipe mji wako."

Nikaupa Lushoto.

"Kwenu baridi, na mimi nina magoti."

Nimebaki na Korogwe. Korogwe yangu nimeitunza miaka arobaini na tano: stesheni, harufu ya machungwa, kijana wa kaptura ya kaki amenishikia kikapu mpaka treni imeniacha, na wala sijali. Nikiitoa, nibaki na nini?

"Saa kumi kasoro!" kompyuta inapiga kelele.

"Haya, chukua Korogwe," nikasema, na machozi yananitoka.

Mara tuko stesheni, kisanduku bado kichwani. Ukuta umekata tiketi, umekaa dirishani. Nyumba yetu imebaki wazi, vijiti vinapita mbio kama watoto wametoka shule.

Ukarudi unahema. "Nilikwenda Korogwe, nikala machungwa matatu, nikamkuta kijana amesimama na kikapu chako. Nikamwambia amepata mjukuu. Akacheka mpaka akakaa chini. Na jibu ni mimi, ukuta!"

Nikaamshwa na simu ya Stumai, nikaipokea kwenye kompyuta palepale kitandani. Mtoto huyo hapo, mzima, masikio yote mawili, anapiga miayo bila kuganda.

"Mama, mbona picha ya baba mmeihamishia chumbani?"

Nikageuka. Picha yetu ya harusi, ya ukuta huohuo upande wa sebuleni siku zote, inaning'inia juu ya kitanda changu, na msumari wake wenye kutu. Hakuna aliyeihamisha. Ukuta ulirudi na haraka zake, ukasimama umegeuka kinyume.

"Msogeze mtoto karibu, Stumai," nikasema. "Babu yake amwone."