Kilomita Kumi na Moja za Bi Wino

Jumamosi ile mtoto wa kwanza wa Bi Wino alipokwenda kumjulia hali mama yake, alikuta makochi yote yamesukumwa koridoni, na katikati ya sebule limesimama hema la rangi ya machungwa, kamba zake zimefungwa kwenye miguu ya kabati la vyombo. Ndani ya hema walikuwa wameketi wanawake wawili, mama yake wa miaka sitini na shangazi yake wa sitini na mitatu, wanakunywa chai. Aliwaamkia. Waliitikia humo humo ndani, wala hawakujisumbua kutoka.

Hema lilikuwa sebuleni kwa sababu nje kulikuwa na mvua, na wifi yake Bi Wino, mwalimu wa michezo mstaafu, hajawahi kuahirisha mazoezi kwa ajili ya mvua. Alikuwa na saa mkononi. Mara ya kwanza walilisimamisha kwa dakika arobaini na tatu na wakanuniana, mara ya pili dakika ishirini na sita. Alitaka wafike kumi na mbili kabla ya safari. Na safari yenyewe, jamani, si ya kwenda kubembeleza wajukuu. Ilikuwa siku kumi na tisa za kuendesha gari na kutembea kwa miguu milimani, kwa njia ambazo hata mbuzi akizifikia husimama kwanza akafikiri.

Mtoto aliketi sakafuni mlangoni mwa hema, maana kiti hakikuwepo. Huyu bwana ni afisa wa bima. Kazi yake kuanzia asubuhi mpaka jioni ni kufikiria mabaya yatakayowapata watu, na kwa haki ya Mungu ana kipaji. Akamwaga yote yaliyomjaa kifuani: breki kukatika, nyoka, maporomoko, baridi, goti la shangazi, presha ya mama. Alipomaliza, shangazi yake alimuuliza kama chai yake aitie sukari.

Sasa, ili umwelewe Bi Wino, lazima ujue alikuwa akila jasho la kazi gani. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mchora ramani katika ofisi ya upimaji. Wapimaji waliondoka na magari, wakakaa milimani mwezi mzima, wakarudi na madaftari yaliyojaa namba na michoro ya haraka haraka, na yeye, kwenye meza yake karibu na dirisha, akaigeuza ile vurugu kuwa ramani. Kila mto, kila kilele, kila njia ya gari ilipita kwenye ncha ya kalamu yake. Mkono wake ulikuwa hautetemeki, ndiyo maana wakambandika jina la Bi Wino, nalo likamganda. Lakini milima yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Mara nne aliomba kwenda na wapimaji akajionee anachokichora, na mara nne mkuu wao alimpa jibu lile lile.

"Porini si mahali pako, binti. Wewe tutakuletea daftari, utachora."

Basi akachora. Na katika kuchora huko likaingia doa moja ambalo halikumtoka rohoni. Karatasi namba kumi na nne. Daftari lake lilirudi kutoka milimani limelowa, kurasa mbili zimegeuka rangi ya kahawia, wino umekimbia wote, haisomeki hata namba moja. Mkuu alisema ni mvua. Kurasa hizo zilihusu njia inayotoka kwenye upenyo kati ya vilele viwili na kushuka bonde la upande wa pili, kilomita kumi na moja. Utaratibu wa ofisi ulikuwa wazi: njia iliyopimwa huchorwa kwa mstari mzima, njia ya kukisia huchorwa vipande vipande, ili anayeifuata ajihadhari. Bi Wino akataka kuchora vipande vipande. Mkuu akamwambia ramani inasubiriwa kiwanda cha uchapaji kesho yake, na vipande vipande vitazua maswali.

"Unganisha tu," alisema. "Nani ataenda huko?"

Akaunganisha. Mstari mzima, mweusi, mzuri, kwa mkono wake mwenyewe. Alipofika katikati akapiga chafya, kalamu ikateleza pembeni, na badala ya kulikwangua kosa kwa wembe kama walivyofanya siku zote, akalitengeneza likawa kona ya kuelekea kushoto. Hasira zilikuwa zimemkaba. Alijiambia njia nzima ni ya kubuni, kona moja itamdhuru nani.

Alikuja kujua itamdhuru nani miaka ishirini na miwili baadaye, siku chache kabla ya kustaafu. Gazeti liliandika habari ya vijana wawili waliokwenda kupiga kambi kwenye milima ile ile, wakapotea siku tatu. Walipatikana, mmoja amevunjika mguu. Walipoulizwa ilikuwaje, wakajibu kwamba walifuata ramani. Bi Wino aliikata habari ile kwa mkasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati lake la nguo, aione kila anapovaa. Akaandika barua mbili kuomba karatasi kumi na nne irekebishwe. Akajibiwa kwa heshima zote kwamba marekebisho yanahitaji vipimo vipya, na vipimo vipya havimo kwenye mpango. Haya basi, mpango akauweka yeye.

Ofisi ilipokuwa ikiyaondoa magari yake ya zamani, alijipatia lile refu lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambalo wapimaji waliliita Kiboko. Ndilo lililokuwa likiwapeleka wenzake milimani huku yeye akilisindikiza kwa macho dirishani. Fundi wa magari wa mtaa wa pili alimfundisha kubadili tairi, kufunga kamba ya kujivuta kwenye tope na kusikiliza injini inapolalamika. Kila asubuhi alipanda na kushuka ngazi za jengo analoishi, ghorofa nne, mara kumi, mgongoni begi lenye dumu la maji la lita kumi, na wifi nyuma yake na filimbi mdomoni. Jirani wa ghorofa ya pili alimuuliza kama anahama au anahamia. Wengine walisema kustaafu kumempanda kichwani. Alitia pamba masikioni akaendelea kupanda.

Karatasi za ramani, kuanzia namba tisa hadi kumi na saba, zilikuwa zimebandikwa ukutani kutoka mlango wa chumbani hadi mlango wa jikoni, na uzi mwekundu umepita juu yake, pini moja kwa kila siku. Siku ya nne wangelala kando ya maziwa matatu aliyoyapaka rangi ya buluu mwenyewe akijiuliza kama kweli ni ya buluu. Siku ya saba, maporomoko ya maji. Siku ya kumi na moja wangemwacha Kiboko upenyoni na kuteremka kwa miguu zile kilomita kumi na moja, polepole, wakipima na kuandika. Alikuwa ameshanunua daftari lenye jalada la plastiki, na penseli kumi na mbili, maana penseli haikimbii maji. Kama njia ipo, ataichora ilivyo. Kama haipo, atajua kwa macho yake, na dunia itaambiwa.

Yote hayo alimweleza mwanawe Jumamosi ile, isipokuwa habari ya chafya. Mtoto akasikiliza, akashika tama, akaaga. Jumatano Bi Wino akashuka kuliwasha gari, likanyamaza kimya. Akafungua boneti. Betri haipo. Akampigia simu mwanawe, naye akajibu kwa sauti ya upole kupita kiasi kwamba ameipeleka kuchajiwa, na kwamba Jumapili saa nne asubuhi kutakuwa na kikao cha familia.

Wifi alitaka waende kutafuta betri nyingine siku ile ile. Bi Wino akakataa. Alisema betri ile imetolewa na mwanawe, na ni mwanawe atakayeirudisha, kwa mikono yake, hata ikibidi wakae kikao mpaka makochi yaote nywele.

Jumapili mtoto alifika na mgeni, na hapo Bi Wino alihisi damu inamchemka. Alikuwa mkuu wa wapimaji mwenyewe, sasa mzee wa miaka themanini kasoro, mkongojo mkononi, kofia ile ile ya porini kichwani. Mtoto alikuwa amekwenda kumtafuta mpaka nyumbani kwake, kwa kuamini kwamba maneno ya mwana yakigonga mwamba, ya mtaalamu yatapita. Aliletewa kiti, akaketi, akautazama ule ukuta wa ramani muda mrefu. Kisha akaanza. Alieleza juu ya mawe yanayoporomoka, ukungu unaoshuka saa nane mchana, gari linavyoweza kurudi nyuma lenyewe kwenye mteremko. Alizungumza vizuri, tusimnyime haki yake. Akamalizia kwa kumwambia binti atulie, milima haina haja naye. Binti ana miaka sitini na wajukuu watatu.

Wifi akasema kwamba kwa mtu aliyeshindwa kupanda ngazi za jengo hili bila kushikwa mkono, mzee anaijua sana habari ya kupanda. Mtoto akamwomba shangazi yake astahi wageni. Halafu akatoa simu yake, akamsogelea mama yake kwa upole, na hapo, maskini, akakivunja kikao chake mwenyewe.

"Mama, kama shida ni hiyo njia, mbona ipo," alisema. "Angalia. Hata simu inaionyesha."

Bi Wino alivaa miwani. Kweli ilikuwepo. Pande zote ni kijani cha msitu mnene, na katikati yake mstari mweupe uliotoka upenyoni ukashuka bondeni, na pembeni maandishi kwamba kwa gari ni dakika thelathini na nane. Akaufuata kwa kidole. Katikati kabisa, mstari ukakata kona ya kuelekea kushoto. Alianza kucheka. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka, mpaka wifi akamshika bega akidhani presha imepanda. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, machozi yakabaki.

"Hiyo kona ni chafya yangu," alisema.

Akawaeleza. Alikwenda chumbani, akarudi na kipande cha gazeti, akakiweka juu ya mapaja ya mwanawe. Mtoto akakisoma, akatazama simu, akatazama karatasi namba kumi na nne ukutani, mistari miwili sawasawa kama pacha. Mtu wa bima hahitaji kuambiwa mara mbili. Simu ilikuwa imemnakili mama yake, na sasa kila mwenye simu anamfuata chini kule. Akamgeukia mgeni wake.

"Mzee, nyinyi mlipita pale?"

Mkuu aliuchezea mkongojo wake. Alipokuja kujibu alikuwa akiiangalia sakafu.

"Kulikuwa na ukungu. Gari liligoma upenyoni, vijana wakaogopa. Hatukushuka. Kurasa zile zilikuwa tupu. Tulizimwagia chai."

Miaka ishirini na mitatu Bi Wino alikuwa amejibebesha kosa la kuharibu kazi ya watu waliohatarisha maisha yao. Miaka yote alikuwa akijiuliza mvua gani hiyo inayoacha rangi ya kahawia. Alimwangalia mzee yule kwenye kiti chake, na akashangaa kwamba hakuwa na hamu ya kumfokea. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa mno kuipoteza kwa kelele.

Akaibandua karatasi kumi na nne ukutani, akailaza mezani. Akatoa wembe kwenye mkebe wake wa kazi, akauinamisha kama alivyofanya maisha yake yote, akaanza kukwangua kutoka upenyoni. Alikwangua kilomita ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikwangua kona. Alipofika bondeni alipuliza vumbi, na kati ya vilele na mto karatasi ikabaki nyeupe.

Mtoto akauliza, kwa sauti ndogo, kama aripoti kwenye simu kwamba njia ile haipo.

"Usiandike haipo," mama yake alimjibu. "Hujafika. Andika haijulikani. Nikirudi nitakuambia."

Mtoto akatoka nje. Dirishani walimwona akifungua buti la gari lake, akikumbatia betri na shati lake jeupe la Jumapili, akielekea alipoegeshwa Kiboko. Wifi akachukua filimbi na kumfuata, eti akamwongoze.

Mkuu alibaki amekaa. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Akasema kwamba mpaka upenyoni anaijua njia vizuri, kila jiwe, na kwamba kama ni haki basi yeye ndiye aliyepaswa kushuka pale tangu siku ile. Akauliza kama kwenye gari kuna nafasi ya mtu wa tatu.

Nafasi ilikuwepo. Bi Wino alikuwa amepima mwenyewe, mizigo yote, na kiti cha nyuma kilibaki kitupu. Alifungua tena mkebe wake, akatoa kalamu yake ya wino, ile aliyochorea kwa miaka thelathini na mmoja, akaiweka mezani mbele ya mzee, juu ya ile sehemu nyeupe.

"Porini si mahali pako, mzee," alimwambia. "Wewe tutakuletea daftari, utachora."

Kisha akashuka kwenda kumshikia mwanawe boneti.