Vizibo Vitatu na Ubao Janja

Usiku wa jana niliota ubao janja umekaa kwenye kiti changu, umekunja nne, unaita mahudhurio.

Sikushangaa. Nilichokiona kibaya ni kwamba haukunisalimu. Nimefundisha darasa la kwanza hapa Makambako miaka kumi na tisa, na kitu kilicholetwa mwezi huu ndani ya boksi kingeweza angalau kusema shikamoo.

Inabidi nieleze, maana jambo lenyewe halikuanzia kitandani. Ubao huo upo kweli. Unawashwa kwa umeme na unaandikwa kwa kidole. Jana, siku ya kuuzindua, mbele ya kamati ya shule na wazazi, niliambiwa niandike hesabu ya kwanza. Nikachomoa chaki kwenye nywele, mahali ninapoiweka siku zote, nikaandika 7 − 3 juu ya kile kioo. Kisha nikakifuta kwa kitambaa chenye maji. Wazazi walicheka mpaka mmoja akaomba kiti.

Mwalimu Mkuu, Bwana Mgaya, hakucheka. Alikusanya vizibo vya soda ambavyo watoto wangu huhesabia, akavifungia kabatini mwake, akasema zama za vizibo zimekwisha. Halafu akaniambia kuwa leo afisa elimu kata anakuja kuniona nikifundisha kutoa na kujumlisha kwa ubao ule. Nikishindwa, darasa langu anapewa Mwalimu Festo aliyemaliza chuo juzi, na mimi nahamia stoo ya vitabu. Iliniuma sana. Watoto wale arobaini na wawili nawajua mmoja mmoja, mpaka nani analala bila kunawa miguu.

Basi ndotoni siku yenyewe imefika. Watoto wamekaa, masweta ya kijani. Afisa elimu kata yuko nyuma, na badala ya kichwa ana mhuri.

"Mwalimu, anza somo," ubao unasema.

Nanyoosha kidole niuguse. Unarudi nyuma pamoja na kiti.

"Kidole chako kina vumbi la chaki. Sikitambui."

"Nimenawa."

"Miaka kumi na tisa haitoki kwa sabuni ya mche."

Kwa kuwa mimi sikutambulika, ubao ukaanza kujifundishia wenyewe. "Darasa lina paa moja," ukasema. "Toa moja. Limebaki nini?"

"Sifuri," watoto wakaitikia kwa pamoja, kama nilivyowazoesha, na paa likaondoka. Halikuvunjika. Lilitoka kwa adabu tu, kama mtoto aliyeomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Ukitoa, lazima kitoke," ubao ukaeleza. "Ndiyo kanuni."

Ukatoa madirisha. Ukatoa ukuta wa nyuma, na papo hapo tukawa katikati ya shamba la viazi la mama mkwe wangu. Akapita na jembe lake, akanitazama.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Bado uko darasa la kwanza tu? Wenzako wote wamepanda," akasema, akatolewa. Kusema kweli kutolewa huko sikukupinga.

Ukatoa baridi ya Makambako, watu wakaanza kufungua vifungo. Ukamtoa Bwana Mgaya aliyekuwa mlangoni, ikabaki tai yake inaning'inia hewani, inaendelea kutoa maagizo. Kisha ukageukia watoto.

"Darasa lina watoto arobaini na wawili. Toa kumi."

Dawati la kwanza na la pili yakawa matupu.

"Acha," nikasema.

"Hesabu haiachwi katikati. Wewe mwenyewe umewafundisha hivyo."

Na ni kweli nimewafundisha hivyo. Ukatoa kumi wengine, na kumi tena, na kumi tena. Kila kundi likiondoka, afisa elimu kata anainama na kugonga kichwa chake kwenye meza, na mezani yanabaki maneno SOMO LINAENDELEA VIZURI. Ukatoa mmoja. Akabaki Tumwitike Sanga.

Tumwitike ana miaka saba na hajawahi kupata hesabu ya kutoa hata moja. Ukimpa vizibo saba, vyake ambavyo kila kimoja amekitia nukta ya kalamu nyekundu, ukamwambia atoe vitatu, anavitoa vizuri kabisa na kuvitia mfukoni. Umebaki na vingapi? Saba. Mwalimu, si vipo mfukoni? Nimempigia mkasi, ile alama ya kukosa, kwenye daftari mara nyingi kuliko mtoto mwingine yeyote.

"Darasa lina mtoto mmoja," ubao unasema.

"Tupo arobaini na wawili," anasema Tumwitike bila kusimama.

"Wengine wako wapi?"

"Mfukoni."

Mfuko wa sweta lake umevimba. Nainama, natega sikio. Wamo humo wanasoma irabu kwa sauti ndogo, na mmoja analalamika kwamba Kelvini anamsukuma.

Lakini hawawezi kutoka. Kila anayechungulia, ubao unamtoa upya, naye anarudi ndani. Alama ya kutoa imelala katikati ya kioo, ndefu, imeziba kama komeo la mlango.

"Mwalimu, hiyo imelala," Tumwitike akaniambia. "Weka nyingine isimame."

Kidole changu hakitambuliki, hilo lilikwisha kusemwa. Nikapeleka mkono kwenye nywele. Chaki ilikuwepo, kipande kisichofika hata nusu ya kidole.

"Nilidhani tumestaafu," chaki ikasema.

"Imebaki kazi moja."

"Kwenye kioo kilekile?"

"Kilekile."

"Watacheka."

"Wacha wacheke."

Nikapiga mstari mmoja, juu mpaka chini, katikati ya ile alama iliyolala. Ubao ukatoa mlio wa kutia ganzi meno. Alama ya kutoa ikawa ya kujumlisha.

"Mstari huo ni wa chaki," ubao ukasema. "Mimi chaki siitam..."

Kumi wa kwanza walishatoka mfukoni wameshikana mikono. Mmoja jumlisha kumi, wakaimba, kumi na mmoja. Wakatoka kumi wengine, na kumi, na kumi, na Kelvini wa mwisho peke yake, kiatu kimoja mkononi. Paa likarudi na kutua mahali pake. Bwana Mgaya akachipuka chini ya tai yake. Hata mama mkwe akarudi na jembe, nikakubali, maana kujumlisha hakuchagui.

"Vilivyotolewa vinarudi?" ubao ukauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Vinakwenda mfukoni," Tumwitike akaujibu. "Ukivitaka unavijumlisha."

Hapo nikaona haya, na nikajaa raha kwa wakati mmoja. Saba toa tatu ni nne. Nne jumlisha tatu za mfukoni ni saba. Mtoto hakuwa amekosa. Alikuwa somo moja mbele yangu, na mimi nampigia mkasi.

"Mpigieni Tumwitike makofi matatu," nikasema.

Makofi matatu yakaingia mlangoni yakiwa na sare, yakakaa dawati la mbele. Afisa elimu kata akanyanyuka, akanigonga kichwa chake kwenye paji la uso, na watoto wakanisomea kilichoandikwa: VEMA.

Tumwitike akanitia mkononi vizibo vitatu. "Nimevitoa kabatini kwa Mwalimu Mkuu. Nitunzie." Nikavitia mfukoni.

Ubao ukainuka kwenye kiti changu. Ukakipangusa. Ukainamisha kioo chake mpaka karibu na sakafu.

"Shikamoo, Mwalimu."

Niliuacha usubiri kidogo.

"Marahaba."

Simu ikaniamsha. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, nimelala na sweta kwa sababu baridi ilikuwa imerudi. Bwana Mgaya alikuwa anapiga kutoka ofisini.

"Mwalimu, wewe una ufunguo wa kabati langu?"

"Sina, Mwalimu Mkuu."

"Jana jioni nimefunga humu vizibo thelathini, nimevihesabu mwenyewe. Sasa hivi nimefungua nivitupe kabla mgeni hajafika. Kufuli zima, vizibo ishirini na saba. Vitatu vimepotea."

Nikaingiza mkono kwenye sweta. Nikavitoa, nikavisogeza dirishani kwenye mwanga. Kila kimoja kilikuwa na nukta nyekundu.

"Usitupe hata kimoja, Mwalimu Mkuu, nakuja kufundishia," nikamwambia. "Na hivyo vitatu havijapotea. Vipo mfukoni."