Jina la Dundu

Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu vya kazini, Deodata alikuwa na safari yake fupi ya nyuma ya zizi. Alibeba kijiti na bakuli la plastiki lililopasuka ukingo, akachuchumaa mbele ya mavi ya ng'ombe ya usiku ule, akayachokonoa taratibu kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Bibi yake, Restituta, alimtazama kutoka mlango wa jikoni, kikombe cha uji mkononi, na hakuna asubuhi aliyokosa neno.

"Wenzangu walisomesha watoto ili watoke kwenye mavi," alisema siku hiyo. "Mimi wangu kasoma, karudi humo humo, tena na cheti."

"Shikamoo, bibi," Deodata alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Umempata?"

Alikuwa karibu kumpata. Mgongo mweusi unaong'aa ulikuwa umeanza kujitokeza, na nyuma yake donge la mavi la mviringo, limesuguliwa vizuri kuliko sufuria za nyumba nyingi pale kijijini Nyamiaga. Ndipo simu ikaanza kutetemeka mfukoni, ikatulia, ikatetemeka tena, kisha ikashindwa kutulia kabisa. Deodata alishtuka, bakuli likamponyoka, na dundu akaacha donge lake akaruka zake migombani.

Lilikuwa kundi la WhatsApp la darasa lao la chuo. Happy, ambaye habari ikimfikia haiwezi kupoa mikononi mwake, alikuwa ameandika: "Hongera Deodata! Umeingia kwenye sayansi." Danstan akamjibu chini yake: "Kaingia kwa mlango wa nyuma wa ng'ombe." Zikafuata nyuso za kucheka, nyingine zikitoa machozi.

Happy alikuwa ameweka ukurasa wa jarida la wanasayansi wa wadudu. Deodata aliusoma amesimama pale pale, kijiti bado mkononi. Elick Hategekimana, waliyesoma naye darasa moja, ametangaza aina mpya ya dundu anayeviringisha mavi, na amempa jina. Jina lenyewe ni *deodatae*, yaani "wa Deodata" kwa Kilatini.

Uso wa Deodata ulipata moto. Kisha ukapoa ghafla, kwa sababu aliangalia picha ya dundu. Alimfahamu. Alimfahamu kila unywele wa mguu wa nyuma. Alikuwa ametoka kumtangaza yeye mwenyewe, katika jarida lingine, kwa jina la *restitutae*, jina la bibi yake. Akatazama tarehe. Majarida yote mawili yalikuwa yametoka siku moja.

Haikuwa wizi, na hilo ndilo lililomkera zaidi, maana mwizi mtu unajua namna ya kumkasirikia. Dundu yule walimwokota pamoja wakati wa mafunzo ya vitendo, Nyakahura, upande wa Biharamulo, kwenye njia ya ng'ombe waendao mnadani. Walibishana siku nzima kama ni mgeni kwa sayansi au la. Mwishoni waligawana sampuli nusu kwa nusu, ila mengine waliyotaka kusema kila mmoja aliondoka nayo tumboni. Deodata alirudi nyumbani Ngara kufundisha biolojia kwenye sekondari ya kata. Elick alibaki Biharamulo, kwenye mradi wa misitu. Deodata hakumwambia Elick kwamba anaandika, kwa kuogopa kuchekwa. Elick naye hakumwambia, kwa sababu anazozijua Elick.

Sasa dundu mmoja hawezi kubeba majina mawili. Kwa kawaida, jina lililotangulia kuchapishwa ndilo linalosimama. Yakichapishwa siku moja, kanuni inasema hivi: mtu wa kwanza atakayeyaweka yote mawili kwenye maandishi yake na kuchagua moja, uchaguzi wake ndio utakaofuatwa na dunia nzima. Na hakuna kinachomkataza mmoja wa wenye majina kuwa mtu huyo. Kwa hiyo Deodata angeweza kuumaliza ugomvi kwa makala fupi tu. Elick naye vile vile.

Jioni ile, wakimenya ndizi, alimweleza bibi. Bibi Restituta aliacha kumenya.

"Ngoja nielewe. Kuna mdudu wa mavi anaitwa Deodata?"

"Ndiyo."

"Na huyo huyo anaitwa Restituta?"

"Ndiyo, bibi. Nilitaka jina lako likae. Wewe ndiye uliyenisomesha."

"Ungeninunulia kitenge."

"Kitenge kinachakaa."

"Na mavi je, yanadumu?"

Deodata aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa kuandika ujumbe mrefu, kuusoma, kisha kuufuta. Tangu arudi nyumbani alikuwa akitafuta namna ya kumwambia bibi yake asante, akashindwa, na mwishowe akaiweka kwa dundu. Bibi alimwona machozi yanamlengalenga, akapunguza sauti.

"Mjukuu wangu, mimi asante yako nilishaisikia zamani. Nilibatizwa Restituta na padri, inanitosha. Haya, huyo mwenzako naye anasema nini?"

"Hasemi kitu. Ni sayansi tu."

"Mtu kamwita mnyama kwa jina lako, halafu hasemi kitu? Wewe umekulia nyumba gani?"

Swali lilikuwa na haki yake. Katika nyumba ile, na nyingi za jirani, neno gumu mtu humpa mnyama alibebe. Jirani yao Nimpaye alipoazima chungu akakaa nacho msimu mzima, bibi hakwenda kukidai. Alimwita mbuzi wake mpya Rudisha, na kila jioni akawa anasimama mpakani kumwita kwa sauti ya kanisani: "Rudisha! Rudisha wee!" Nimpaye naye akapata mbwa, akamwita Nimesahau. Wiki haikuisha, chungu kikarudi, na ndani yake kumejaa maharage.

"Wenye ng'ombe hutumia ng'ombe," bibi alisema. "Huyo kijana ana wadudu. Ulitaka afanyeje? Hebu nisomee hilo jina lote, kama lilivyoandikwa."

Deodata alisoma, akiruka neno la kwanza, la jenasi. "*Deodatae* Hategekimana. Jina la aliyemtangaza hufuata nyuma yake siku zote, bibi. Ni kanuni."

"Deodata Hategekimana," bibi alirudia polepole, kama anayeonja mchuzi kujua umekolea chumvi. "Hiyo kanuni yenu nzuri."

"Bibi!"

"Mimi namenya ndizi."

Kesho yake Elick alituma ujumbe, wa kwanza tangu watoke chuo usiokuwa salamu ya Krismasi: "Jumamosi tukutane Nyakanazi, kwa mama Speciosa. Usiandike kwanza. Na mimi sitaandika."

Jumamosi Deodata alifika Nyakanazi na hasira aliyoipiga pasi vizuri kama gauni lake. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi yalikuwa yamejipanga barabarani, madereva wakinawa mikono kwenye ndoo. Kibanda cha mama Speciosa kilikuwa pale pale kilipokuwa enzi za mafunzo yao, na mwenyewe alimtambua kabla hajakaa.

"Haa! Yule mwanafunzi asiyeongea! Na yule mwenzako aliyekuwa anaongea kwa niaba yenu wawili yuko wapi?"

Mwenzake alikuwa anashuka kwenye pikipiki. Vumbi jekundu lilikuwa limempaka hadi kope, na kwapani alibana kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko. Alilitua mezani kwa heshima, kama mtu aliyeleta posa.

"Habari ya siku nyingi, mwalimu."

"Nzuri," alisema Deodata.

"Shemeji, unakunywa chai au soda?" mama Speciosa alimwuliza Elick.

Elick alivuta kiti. "Chai, mama."

"Na ndani ya kopo kuna nini?"

"Dundu wawili. Na... chakula chao."

Mama Speciosa alifunua, akafunika. "Mmeniletea mavi kwenye hoteli."

"Ni kidogo sana, mama."

"Mavi hayana kidogo." Lakini hakuwafukuza. Aliwaletea chai na chapati, akaanza kufuta meza ya jirani, meza ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi, na akaendelea kuifuta mpaka mwisho wa mazungumzo.

Elick alikohoa. Alikuwa amejiandaa, ilionekana. "Nimefikiri sana. Lako lisimame. Andika leo, taja majina yote mawili, chagua la bibi yako. Langu litaandikwa chini yake kama kanuni inavyotaka. Sitabisha."

Hapo ndipo Deodata alipopaswa kushangilia. Alichofanya ni kunywa chai ya moto kwa pupa, ikamuunguza ulimi. Ile hasira aliyokuja nayo ilikuwa imepangwa kwa ajili ya mtu anayeng'ang'ania. Kwa mtu anayeachia, hakuwa ameandaa kitu, na alihisi kama amevuliwa jina alilokuwa amelikataa kwa mdomo tu.

"Mbona unaliachia haraka hivyo?" aliuliza.

"Watu wamekucheka. Nimesoma kwenye kundi. Danstan na mlango wake wa nyuma..." Elick aliligeuza kopo mikononi. "Kweli kabisa, Deodata, sikufikiria mavi. Mimi nikimwangalia yule dundu sioni mavi."

"Unaona nini?" mama Speciosa aliuliza kutoka kwenye meza yake.

Elick aligeuka, akageuka tena. "Naona... jinsi miguu ya nyuma ilivyopinda kwa ndani, na kile kifua kipana..."

"Dada, simama nikuone," mama Speciosa alisema.

Deodata alicheka. Hakutaka, lakini kicheko kilitoka na chai kidogo, na Elick akawa mwekundu chini ya vumbi lake jekundu.

"Sielezi yeye! Naeleza dundu!" Alifunua kopo, akaliinamisha ili Deodata aone. Ndani, dume alikuwa anasukuma donge kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, na jike amekaa juu ya donge ametulia. "Unakumbuka? Siku ile ulilala kifudifudi njiani, ng'ombe wa watu wanapita, ukasema hawa wawili hawaachani mpaka donge limefika. Uliwaona wewe kwanza. Niliandika hivyo kwenye makala."

"Uliandika 'kwa heshima ya Deodata, aliyemwona kwanza'. Basi."

"Jarida halipendi maneno mengi."

"Na mimi je? Mimi nilikukataza maneno mengi?"

Dereva mmoja aliagiza maji ya kunywa, mama Speciosa akamwonyesha ndoo kwa kidole bila kugeuka.

"Baba yangu," Elick alisema mwishowe, akiongea na kopo, "alimpa ng'ombe wake jina la mama kabla posa haijaenda. Kijiji kizima kikajua, na mama akajua. Mimi sina ng'ombe."

Deodata alisikia sauti ya bibi yake akimenya ndizi.

"Subirini kwanza," mama Speciosa alisema, akaja kabisa na kitambaa chake. "Mnanichanganya. Huyu angeweza kuandika peke yake akashinda?"

"Ndiyo," alisema Elick.

"Na huyu?"

"Hata mimi," alisema Deodata.

"Na hakuna aliyeandika."

Deodata alianza kukatakata chapati yake vipande vidogo.

"Nyie hamgombanii mdudu," mama Speciosa alisema, akarudi kufuta meza yake safi.

Elick alifunga kopo. "Nilikuwa nije Nyamiaga kukueleza kabla jarida halijatoka."

"Lini?"

"Kila Jumamosi."

Deodata aliangalia mikono yake. Ndani ya kichwa alikuwa tayari ameandika jibu, refu, zuri, na kidole kilikuwa tayari kinalifuta. Akafikiria asante iliyohitaji dundu ili imfikie mtu anayelala chumba cha pili. Akafikiria kijana anayeutangazia ulimwengu mzima kwa Kilatini kile ambacho angeweza kukisema kwa Kiswahili nauli ya pikipiki ikiwa mfukoni. Akasimama, na kiti kikaanguka nyuma yake.

"Sikukasirika kwa ajili ya mavi," alisema, kwa sauti iliyowafanya madereva wageuke. "Nilikasirika kwa sababu uliwaambia watu wote, mimi ukaniacha nisome kwenye kundi. Sasa nimechagua. Litabaki jina ulilotoa wewe. Bibi mwenyewe amenipa ruhusa, na jina lake litakaa chini ya langu, kwa sababu kanuni hailifuti. Nitaandika leo hii. Lakini hili jingine halisubiri jarida." Alivuta pumzi. "Nakupenda, Elick. Nakupenda tangu ile njia ya mnadani. Nimesema mbele ya watu, mama Speciosa ni shahidi, na aliyetangulia kusema ni mimi, kwa hiyo usije ukabisha."