Alama ya Kidole Siku ya Chokoleti

Ilikuwa inasemwa tu, wala hakuna aliyejua imeanzia wapi, kwamba kile kiwanja cha nyuma ya shule yetu ya Las Totoras kitakuwa mahali pa kuyeyushia betri kuukuu za magari. Mimi nilisikia kwanza kwa Zoraida, komadre wangu, aliyemsimamia binti yangu Nayeli ubatizo. Tulikuwa kwenye foleni ya gari la maji, yeye mbele, mimi nyuma na ndoo zangu tatu.

“Komadre, umesikia? Don Leoncio analeta tanuri.”

“Tanuri la mikate?”

“Mikate gani wewe! La risasi. Wanapasua betri, wanatoa madini ya risasi ya ndani, wanayeyusha. Moshi wake ukiingia kwa mtoto hautoki tena.”

“Nani kakwambia?”

“Watu.”

Watu. Angetaja jina ningekwenda kumuuliza huyo mtu, nikapata usingizi. Lakini uvumi usio na mwenyewe utakwenda kuubishia hodi wapi? Nilirudi nyumbani, nikawa nachemsha viazi huku naufikiria ukuta ule. Upande mmoja wa ukuta ni kiwanja cha don Leoncio Vilcapoma. Upande wa pili ni darasa la kwanza, na dawati la Nayeli limesogezwa mpaka linagusa matofali. Ana miaka sita. Kila majira ya ukungu kifua chake kinapiga filimbi, na daktari wa zahanati alishaniambia, mama, huyu mwepushe na moshi, hata wa jiko.

Nawaandikia haya, akina mama wa mtaa, kwa sababu wiki ijayo mtabishiwa hodi. Someni mpaka mwisho kabla hamjafungua mlango.

Kesho yake asubuhi nilimwachia Zoraida meza yangu ya viazi vya kujaza nyama pale langoni pa shule, nikaenda halmashauri. Kwenye dirisha la kupokelea barua alikuwapo karani Edelmira, yule wa miwani ya kamba.

“Dada, naulizia kiwanja cha nyuma ya shule ya Las Totoras.”

“Umeleta barua?”

“Nauliza tu.”

“Kuuliza ni kwa barua, mama. Nakala mbili. Moja tunabaki nayo, nyingine tunakugongea mhuri, tarehe na saa, unaondoka nayo. Kama huna yenye mhuri, wewe hapa hujawahi kufika.”

Niliandika nimekaa kwenye ngazi, karatasi juu ya goti. Nikavuka barabara nikatoa nakala, nikagongewa mhuri. Baada ya siku tatu nikaitwa kuliangalia jalada palepale dirishani, bila kulitoa. Ndani yake kulikuwa na maombi ya kibali cha karakana ya kuyeyusha madini chakavu. Basi uvumi ulikuwa kweli. Kulikuwa na ramani ya kiwanja, barua ya mhandisi, halafu karatasi tatu zenye kichwa cha habari: Orodha ya wakazi jirani wanaoridhia. Majina sitini na manne.

Nambari kumi na saba, Eduviges Chumpitaz. Mimi. Nambari ya kitambulisho changu, sahihi yangu, na alama ya kidole changu cha shahada.

Nikashika ukingo wa dirisha.

Halafu nikakumbuka Desemba. Wote mnakumbuka. Don Leoncio aliwafanyia watoto wetu chokoleti ya Krismasi ndani ya kiwanja kilekile. Masufuria mawili ya chokoleti ya moto, panetoni, ule mkate mtamu wa zabibu, iliyokatwa vipande vinene, mchekeshaji wa pua nyekundu, wanasesere kwa wasichana na mipira kwa wavulana. Pale pa kuingilia palikuwa na meza, na msichana mwenye ubao wa kuandikia. Jina, kitambulisho, sahihi, kidole, mtoto ana umri gani, wa kike au wa kiume.

“Ya nini hii?” nilimuuliza.

“Ya zawadi, mama, zisije zikapungua.”

Nani angeshangaa? Kwetu hakuna kinachotolewa bila kidole. Maziwa ya watoto ya halmashauri, kidole. Mchele wa jiko la jumuiya, kidole. Blanketi la mwaka wa mafuriko, kidole. Tumezoea, tukiona kidau cha wino tunanyoosha mkono wenyewe. Sehemu ya juu ya karatasi ilikuwa imefunikwa kipande cha boksi kilichobanwa kwa kibanio. Nikadhani ni kwa ajili ya upepo. Nayeli alikuwa ananivuta sketi, anataka mwanasesere mwenye nywele za rangi ya zambarau. Sikuinua lile boksi. Ningeliinua kwa kidole hichohicho.

“Sahihi ni yako?” karani akaniuliza.

“Yangu.”

“Na kidole?”

“Changu. Lakini dada, mimi nilitia kwa ajili ya…”

“Basi uliridhia.” Akalifunga jalada. Kisha akainama kama anatafuta kalamu chini ya meza, akasema polepole: “Kikao cha madiwani ni Alhamisi, saa nne asubuhi. Anayetaka kuongea aandikishe jina angalau siku moja kabla. Anayetaka kujitoa kwenye orodha alete barua yake yeye mwenyewe, halipokelewi neno la mdomo wala barua ya kuletewa na jirani. Na mimi sijakwambia kitu.”

Ilikuwa Jumatatu. Jumanne asubuhi niliandikisha jina langu la kuongea, nikagongewa mhuri, nikaikunja karatasi nikaiweka kifuani. Kisha nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Sitawataja wote, wenyewe mnajijua. Wengine walikwenda na mimi dirishani siku ileile, Mungu awalipe. Tulifika tisa. Wengine walinifungulia mlango nusu.

“Nikisema nilidanganywa, si nitaitwa mjinga?”

“Na Desemba ikifika, mwanangu atachezea barua yako?”

Griselda, mama wa mapacha, hakunificha. “Jirani, mume wangu anashusha mizigo kwa don Leoncio. Nikijitoa mimi, anayeshushwa ni yeye.”

Sikumlazimisha. Mume wangu yuko mgodini milimani, anashuka kila baada ya siku ishirini na moja, nami najua nyumba inavyokuwa mshahara ukichelewa. Kwenye simu aliniambia, “Eduviges, usijitie kwenye mambo ya wakubwa.” Nikamwambia mtandao unakatika.

Jumatano mchana gari la don Leoncio likasimama mbele ya meza yangu. Akashuka mwenyewe, shati jeupe, kofia mkononi.

“Mama Nayeli! Nipe viwili, na pilipili usinionee huruma.”

Nikampa. Akala amesimama, anasifu.

“Nasikia una wasiwasi.”

“Nina mtoto, don Leoncio.”

“Hata mimi ninao. Watatu.”

“Wanasoma hapa?”

Akacheka mpaka akakohoa. “Unayo maneno wewe!” Akajipangusa vidole kimoja kimoja kwa kitambaa. “Unajua kinachonisikitisha? Mimi naomba kibali, nafuata utaratibu, napanga foleni kama watu wengine. Meza hii haina hata karatasi. Miaka mingapi uko hapa? Minne? Na hakuna aliyekugusa. Halafu wewe ndiye unanipinga mimi.”

Na meza kweli haikuwa na kibali.

“Ningekuwa wewe, kesho ningebaki nyumbani,” akasema. “Jua la siku hizi linaumiza kichwa.” Akapanda gari, akanipungia mkono kama ndugu.

Zoraida alikuwa amesikia yote kutoka kwenye kibanda chake cha juisi. “Komadre, acha. Wakikuondoa hapa mtakula nini?”

“Sijui.”

“Sasa unaenda au huendi?”

Kengele ya shule ikalia. Nayeli akatoka anakimbia na mkoba mgongoni, akafika kwangu anahema kwa sauti ile ninayoijua. Nikamwambia Zoraida naenda.

Ukumbi wa madiwani una viti vya mbao na feni moja inayogonga. Madiwani saba, na meya katikati. Don Leoncio alikaa mstari wa mbele. Diwani Ñaupari, mwenyekiti wa kamati ya biashara, alisoma haraka kama anayesoma majina ya dawa: ajira kumi na mbili, bomba refu la moshi, mhandisi ameridhika. “Na wakazi jirani sitini na wanne wameridhia kwa maandishi. Hakuna pingamizi. Naomba tupige kura.”

Nikainua mkono. Katibu akaangalia karatasi yake. “Jina lako halimo.”

“Niliandikisha Jumanne.”

“Halimo, mama. Kaa.”

Nikaitoa nakala kifuani, imelowa jasho, nikaikunjua. Mhuri ulisomeka. Jumanne, saa tatu na dakika ishirini. Ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa meya, naye akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Dakika tatu,” akasema.

Nilisema juu ya ukuta na dawati na kifua cha mtoto. Nilisema sisi tisa tumeleta barua za kujitoa. Diwani Ñaupari akanikatiza. “Bibi Chumpitaz, sahihi hii ni yako?”

“Ni yangu, mheshimiwa.”

“Kidole?”

“Changu.”

“Ulishikiwa panga?”

“Hapana.”

“Ulipewa chokoleti?” Watu wakacheka. “Basi ulikunywa, na leo umeshiba. Na mkijitoa tisa wanabaki hamsini na watano. Wanatosha.”

Dakika zilikuwa zinakwisha. Nikaziangalia zile karatasi tatu mezani kwake, na ndipo nilipoona kitu nilichokitazama dirishani bila kukiona.

“Mheshimiwa, mwishoni mwa mstari wangu, baada ya kidole, pameandikwa nini?”

Akasogeza karatasi. “Sita, KE.”

“Maana yake?”

“Ni mambo ya ofisi.”

“Ni Nayeli. Miaka sita, wa kike, mwanasesere. Nambari kumi na nane pameandikwaje?”

Diwani doña Hermelinda, mama mtu mzima mwenye duka la dawa, akamchukulia Ñaupari karatasi mkononi. “Nne, ME. Nne, ME tena.”

“Ni mapacha wa Griselda. Mipira miwili. Sasa naomba kuuliza, waheshimiwa. Anayetaka kuyeyusha betri, watoto wetu kuwa wa kike au wa kiume kunamhusu nini?”

Hakuna aliyecheka.

“Mbona safu hii haikukatwa?” doña Hermelinda akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe. Akaiinua karatasi kwenye mwanga. “Aa. Vidole vimekanyaga mstari. Ukikata, unakata na kidole, na orodha inakufa.”

“Mheshimiwa meya,” don Leoncio akasimama, “huu ni upotoshaji wa…”

“Na mipira yenyewe ilipasuka siku ya pili!” sauti ikapigwa kutoka nyuma. Nikageuka. Ni Griselda, amejifunika mtandio mpaka puani, lakini sauti yake nani asiyeijua?

Kura zilikuwa nne kwa tatu. Sikilizeni vizuri, maana mtaani mnasherehekea mapema: hawakukataa. Wamelirudisha ombi kwa mwombaji. Orodha ile imefutwa, na ridhaa itachukuliwa upya, nyumba kwa nyumba, mbele ya afisa wa halmashauri, ndani ya siku kumi na tano. Wakipatikana hamsini na mmoja, tanuri linajengwa.

Mlangoni don Leoncio alinipisha nipite. “Umeshinda wiki mbili, mama,” akasema kwa upole.

Jumatatu askari wa halmashauri waliibeba meza yangu pamoja na sufuria. Nilikwenda kwa Edelmira na nakala mbili, naomba kibali cha meza, nangoja. Kwa sasa nauza kwenye dirisha la nyumba, anayepita apite. Mume wa Griselda bado ana kazi, lakini amehamishiwa zamu mbaya.

Na sasa tangazo limebandikwa kwenye duka la kona: Jumapili don Leoncio atagawa madaftari, penseli za rangi na mikoba, palepale kiwanjani. Nayeli amelisoma mwenyewe, ndiyo kwanza anajua kusoma. Ameniuliza tutakwenda saa ngapi. Nilipomwambia hatuendi alilia, na mimi nikamwacha alie.

Wenzangu, haya myaepuke:

Usitie sahihi wala kidole kwenye karatasi iliyofunikwa juu. Inua kifuniko, soma kichwa. Wakikukataza kuinua, ondoka.

Usitie kidole kwenye karatasi isiyo na kichwa kabisa.

Usimtaje mtoto wako, umri wala jinsia, kwa mtu mwenye ubao wa kuandikia.

Usimpe nambari ya kitambulisho mtu aliyekuja bila afisa wa halmashauri.

Usitie sahihi kwa niaba ya mume aliyeko mgodini.

Usimwambie afisa “sawa” wala “tutaona”. Sema hapana, na usifunge mlango mpaka uone ameandika hapana.

Usiondoke dirishani bila nakala yenye mhuri.

Usiende kiwanjani Jumapili.