Mdhamini wa Isom Pettaway

Jumatatu asubuhi Isom Pettaway, kinyozi, alivaa suti yake ya kanisani akaenda mahakamani kujiandikisha kupiga kura. Alabama ya wakati ule, Mweusi asiye na mdhamini, yaani mpiga kura wa kumsemea kwamba ni mtu mwema, alirudishwa nyumbani. Katika wilaya ile hakuna Mweusi aliyewahi kuandikishwa. Isom alitaka awe wa kwanza, kisha awadhamini majirani, maana wajumbe wa juri, yaani raia wanaoamua kesi, waliteuliwa miongoni mwa wapiga kura. Mwanawe Rufus alikuwa ndani kwa kosa la kuketi kula kwenye mkahawa wa wazungu, na kesi ilikuwa inakaribia.

Mdhamini wake alikuwa marehemu Bwana Tolliver, mzungu aliyekuwa mteja wake. Alimkuta ngazini akimsubiri, udongo mabegani, ndevu zimeota tena. Isom akampangusa koti, wakaingia.

"Karibu, Bwana Tolliver," alisema karani Hadley, akimvutia kiti. "Mguu unaendeleaje?"

"Hauumi tena. Nimekuja kumdhamini Isom. Miaka nenda miaka rudi wembe wake umepita kooni mwangu, hajanikata hata mara moja."

Karani akajikuna kidevu. "Tatizo, bwana, wewe umekufa."

"Si nilipiga kura Novemba?"

"Ulipiga, na tunakushukuru. Kura ni kura. Kudhamini kunataka mtu aliye hai."

"Mimi niko hai," alisema Isom.

"Basi tafuta mdhamini, mjomba. Usinipotezee muda."

Isom alikasirika. Hata hivyo alimpeleka Bwana Tolliver kinyozini, akamnyoa kabla hajarudi makaburini.

Kesi ilipofika, juri lilikuwa la wazungu watupu, wanne kati yao marehemu. Bwana Tolliver aliketi mstari wa mbele. Isom alimkazia macho asubuhi nzima, na moyo wake, bila kumwomba ruhusa, ukaanza kutumaini. Zamu yake ya kutoa uamuzi ilipofika, Bwana Tolliver alisimama, akasema, "Ana hatia," kwa upole uleule aliozoea kuombea taulo la moto.

Baadaye alimfuata Isom mlangoni.

"Usinichukie, Isom. Mimi jioni narudi kulala makaburini, kando ya wazungu walewale."

Isom alikuwa anamtazama Rufus akipandishwa gari la gereza.